Bastola Kuukuu na Daftari la Taifa

Yapo maswali ambayo yakiulizwa barazani huonekana madogo, lakini yakichunguzwa hudhihirika kuwa yamebeba uzito wa nchi nzima. Mojawapo ni hili, ambalo ofisa mstaafu wa Nyakabiga, au ndugu yake aliyerudi kutoka ng'ambo, aweza kuliuliza bila nia yoyote mbaya: je, kuna ubaya gani mtu mwenye mapenzi ya historia kununua bastola ya zamani ya jeshi, ambayo jeshi lenyewe halina tena haja nayo, akaiweka nyumbani kama kumbukumbu? Mbona wenzetu wa Marekani na Ulaya hufanya hivyo, tena kwa fahari?

Swali hili lastahili kujibiwa kwa hoja, wala si kwa karipio. Aidha, lastahili kujibiwa kwanza mbele ya askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa wao ndio waishikao silaha kila siku, ndio wanaokabidhiwa funguo za maghala, na ndio wanaotumwa usiku kwenda kubisha hodi kwenye nyumba inayoshukiwa. Katika makala haya tutatazama ukusanyaji huo ni kitu gani, unaendeshwa vipi huko unakoruhusiwa, na kwa nini Nyakabiga haiwezi kuuiga kabla ya jambo moja kutengemaa. Jambo hilo ni daftari.

MKUSANYAJI HUTAFUTA NINI

Tuanze kwa kumtendea haki mkusanyaji. Mtu huyu si lazima awe mhalifu, wala si lazima awe mpenda vita. Anachokitafuta katika bastola ni alama zilizogongwa juu ya chuma, kwa maana katika alama hizo husoma safari ya dunia.

Chukua mfano wa bastola ambayo jina lake lajulikana sana katika nchi zilizotawaliwa na Ubelgiji: Browning ya kiwanda cha FN kilichoko Herstal, karibu na mji wa Liège. Mbunifu wake wa kwanza, Mmarekani John Moses Browning, alifariki dunia huko huko Herstal mwaka 1926 kabla kazi haijakamilika. Mbelgiji Dieudonné Saive ndiye aliyeimalizia, na jeshi la Ubelgiji likaipokea mwaka 1935. Magazini yake ilibeba risasi 13, wakati bastola nyingi za enzi hizo zilibeba 7 au 8. Wajerumani walipoiteka Ubelgiji mwaka 1940 walikiendesha kiwanda hicho kwa manufaa yao, na bastola zaidi ya 300,000 za aina hiyo zikatengenezwa chini ya usimamizi wao, zikigongwa mihuri ya wakaguzi wa jeshi la Ujerumani. Wakati huo huo kampuni ya John Inglis ya Toronto, Kanada, ilitengeneza bastola hiyo hiyo kwa ajili ya majeshi ya upande wa pili. Adui wawili wakawa wameshika silaha moja. Baada ya vita bastola hiyo iliingia katika majeshi ya nchi zaidi ya 50.

Kwa mkusanyaji, basi, muhuri mdogo kuliko punje ya mchele waweza kutofautisha bastola ya kabla ya 1940 na ile ya wakati wa utawala wa Wajerumani. Hutazama kama namba za mtutu, za sehemu ya juu na za kiunzi zalingana. Hutazama kama rangi ni ile ya kiwandani, au kama imepakwa upya. Bei hupanda na kushuka kwa mambo hayo. Hakuna aibu katika elimu ya namna hiyo. Askari anayeijua historia ya silaha yake huiheshimu zaidi kuliko yule anayeiona kuwa kipande cha chuma tu.

Hata hivyo, ipo sifa moja ambayo mihuri yote haiwezi kuifunika. Browning ya mwaka 1935 hutumia risasi ya milimita 9 iliyobuniwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na risasi hiyo hiyo ndiyo iliyoenea mno mpaka leo katika majeshi na vikosi vya polisi duniani. Maana yake ni kwamba bastola iliyotoka kiwandani mwaka 1940 yaweza kulishwa risasi iliyotoka kiwandani mwaka jana, nayo ikalia. Mkuki wa babu ukutani ni mkuki wa babu. Bastola ya babu ni bastola ya leo. Uzee haukuing'oa meno.

KUFULI ZA MAREKANI

Wanaotoa mfano wa Marekani hawasemi uongo, ila husimulia nusu ya habari. Jeshi la nchi hiyo lilipokea bastola ya M1911 mwaka 1911, na mwaka 1985 likaichagua Beretta kuchukua nafasi yake. Bastola nyingi za zamani zilibaki maghalani. Sheria ya ulinzi ya mwaka wa fedha wa 2016 ikaruhusu kiasi kisichozidi bastola 10,000 kwa mwaka kukabidhiwa taasisi ya mafunzo ya shabaha iitwayo Civilian Marksmanship Program, ili ziuzwe kwa raia.

Tazama sasa zilivyouzwa tangu zoezi hilo lilipoanza mwaka 2018. Mnunuzi alipeleka maombi kwa maandishi, yakiwa na vielelezo vyake. Alipewa namba kwa bahati nasibu, akangoja zamu yake. Bei ilikuwa kati ya dola 850 na 1,050 kwa kadiri ya ubora. Aliruhusiwa bastola moja tu. Jina lake lilichunguzwa mara mbili katika kumbukumbu za serikali kuu: mara ya kwanza na taasisi yenyewe, na mara ya pili na mfanyabiashara mwenye leseni ambaye ndiye aliyepokea kifurushi. Bastola haikupelekwa nyumbani kwa mnunuzi. Hata yule aliyekuwa na leseni maalumu ya ukusanyaji wa silaha za kale hakuweza kuitumia leseni hiyo ili kukwepa hatua hizo.

Kwa hiyo kinachoonekana kwa mbali kama uhuru wa kununua ni mlolongo wa madaftari: daftari la ghala, daftari la taasisi na daftari la mfanyabiashara. Na Wamarekani wenyewe hawakufika hapo bila kulipa. Bunduki iliyomuua Rais John F. Kennedy tarehe 22 Novemba 1963 ilikuwa bunduki ya ziada ya jeshi la Italia, iliyoagizwa kwa posta kwa bei isiyofika dola 22, tena kwa jina la uongo. Ndipo sheria ya mwaka 1968 ikakomesha uuzaji wa bunduki kwa posta kati ya jimbo na jimbo kwa mtu asiye na leseni, na ikazuia uingizaji wa silaha za ziada za majeshi ya kigeni. Miaka mingi baadaye mlango ulifunguliwa kidogo kwa silaha za kale za wakusanyaji, lakini chini ya leseni.

Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 13 Machi 1996 mtu mmoja mwenye bastola alizokuwa amepewa kibali kuzimiliki aliingia katika shule ya msingi ya Dunblane, Scotland, akawaua watoto 16 na mwalimu wao. Mwaka uliofuata bastola zilipigwa marufuku kwa raia, isipokuwa kwa hali chache. Mkusanyaji wa bastola za kihistoria hakusahauliwa, ila baadhi ya bastola hizo aweza kuzimiliki kwa sharti kwamba zitunzwe mahali palipoteuliwa na serikali, si nyumbani kwake. Ni zake, lakini hazilali kwake.

Wengine husema: basi bastola na iharibiwe isifyatue, kisha iwekwe kabatini. Hilo lina maana, lakini nalo lina mtego wake. Baadhi ya bunduki zilizotumika katika mashambulizi ya Paris ya Januari 2015 ziliuzwa Slovakia kihalali kama vyombo visivyoweza tena kupiga, na mafundi wasio waaminifu wakazifufua. Kabla mwaka huo haujaisha, Jumuiya ya Ulaya ilitoa kanuni moja kwa nchi zake zote kuhusu namna ya kuua silaha: mtutu uzibwe na kuchomelewa, pini ya kufyatulia iondolewe, na sehemu zinazosogea zifungwe daima. Silaha iliyojeruhiwa tu hupona.

PALE MLINZI ALIPOKUWA MWUZAJI

Mfano unaowahusu zaidi wasomaji wetu watoka katika bara letu. Baada ya mwaka 1994 Afrika ya Kusini ilijikuta na silaha nyingi kuliko mahitaji ya jeshi lake jipya. Ingeweza kuziuza, na wanunuzi wasingekosekana. Serikali ikaamua ziharibiwe. Kati ya mwaka 2000 na 2001 silaha ndogo zaidi ya 260,000 za jeshi ziliangamizwa. Uamuzi huo ulikuwa wa busara, nao ulisifiwa.

Lakini polisi nao walikuwa na silaha za kuharibu, zikiwamo zile ambazo raia walizirudisha kwa hiari. Miongoni mwa waliokabidhiwa kazi hiyo alikuwamo Kanali Christiaan Prinsloo. Katika daftari silaha ziliandikwa kuwa zimekwisha kuangamizwa. Kwa kweli ofisa huyo alizitoa kwa mlango wa nyuma, zipatazo 2,000, nazo zikafika mikononi mwa magenge ya mitaa ya Cape Town. Mwaka 2016 alikiri makosa, akahukumiwa kifungo cha miaka 18. Wapelelezi walizihusisha silaha hizo na mauaji zaidi ya 1,000, na miongoni mwa waliopigwa risasi walikuwamo watoto wengi.

Tutafakari habari hiyo bila haraka. Mtu aliyerudisha bastola ya marehemu baba yake katika kituo cha polisi alidhani ametenda wema. Alipewa stakabadhi, akarudi kwake kwa amani. Bastola hiyo ikampita njiani, ikaenda kumngoja mtoto wa jirani. Hapakukosekana sheria, wala hapakukosekana tanuru. Kilichokosekana ni mtu wa pili wa kusimama kando ya yule wa kwanza, kusoma namba kwa sauti, na kutia sahihi baada ya kuona kwa macho yake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Afrika ya Kusini yatufundisha jambo la ziada: daftari bila shahidi hupoteza mali, tena kwa mwandiko mzuri.

NYAKABIGA NA KUMBUKUMBU ZAKE

Turudi sasa nyumbani. Nyakabiga iko katikati ya jiji, katika komini ya Mukaza, ikipakana na Bwiza na Rohero, na mto Ntahangwa ukipita upande wa kaskazini. Ni mtaa wa nyumba zilizosongamana, nyua zinazochangiwa na familia kadhaa, na watoto wanaoingia kila mlango kama kwao. Mkusanyaji wa ng'ambo huwa na chumba chenye mlango wa chuma. Katika nyumba za kawaida za Nyakabiga kabati ni sanduku chini ya kitanda, na ufunguo wake hujulikana na wengi kuliko mwenye nyumba anavyodhani.

Zaidi ya hayo, mtaa huu una kumbukumbu. Baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993, nchi iliingia katika vita vilivyochukua roho za watu wanaokadiriwa kufika 300,000. Katikati ya miaka ya 1990 mitaa ya Bujumbura iligawanyika kwa misingi ya ukabila, na vijana wakaunda makundi yenye silaha, Nyakabiga ikiwa mmojawapo wa mitaa hiyo. Silaha hizo hazikuota kama uyoga. Baadhi zilitoka, moja kwa moja au kwa mzunguko, mikononi mwa watu wenye sare. Alizikabidhi mtu fulani, akaziandika mtu fulani kuwa zimepotea, au hakuziandika kabisa.

Mwaka 2007 taasisi ya uchunguzi wa silaha ndogo ya Geneva ilichapisha utafiti uliokadiria kwamba kaya zipatazo 100,000 nchini mwetu zilikuwa na silaha. Hatuna budi kulielewa jambo hilo kwa haki. Wengi wa wenye silaha hizo walikuwa watu waliokuwa na hofu. Walikuwa wameona jirani akiuawa na hakuna aliyefika kumwokoa. Bunduki ndefu ni shida kuificha. Lakini bastola hulala chini ya mto, huzunguka ndani ya koti, huhama nyumba pamoja na nguo. Kisha, katika majeshi mengi bastola ni silaha ya ofisa, kwa hiyo hubeba hadhi. Mtu hukubali kuiaga bunduki, lakini bastola humwambia, “Wewe ulikuwa mtu fulani.” Hapo ndipo mapenzi ya kumbukumbu, hofu ya kale na majivuno ya cheo hulala katika sanduku moja, na mwenye nyumba mwenyewe hawezi tena kuvitenganisha.

Ikaja miaka ya karibuni. Mwezi wa Aprili 2015 maandamano yalianza Bujumbura, na Nyakabiga ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyowaka. Tarehe 11 Desemba mwaka huo kambi za jeshi zilishambuliwa. Baada ya mashambulizi hayo vikosi viliingia katika mitaa kusaka silaha na washambuliaji. Asubuhi ya tarehe 12 maiti zilikutwa katika mitaa ya Nyakabiga na Musaga. Serikali ilitangaza kwamba watu 87 waliuawa, wakiwamo askari na polisi 8, na kwamba waliobaki walikuwa washambuliaji. Mashirika ya haki za binadamu na wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walisema kwamba wamo raia waliotolewa majumbani mwao. Makala haya si mahakama. Lakini kila askari mwenye moyo alielewe fundisho moja: pale ambapo hakuna ajuaye kwa hakika ni nyumba ipi yenye silaha, kila nyumba hushukiwa. Anayeingia huingia na hofu, anayefunguliwa mlango hufungua na hofu, na kati ya hofu mbili risasi haiulizi jina.

Katika usiku kama huo, bwana mmoja angesema nini akikutwa na Browning ya mwaka 1940 iliyopakwa mafuta na kufungwa katika kitambaa safi? Angesema yeye ni mkusanyaji. Angeeleza habari za mihuri na za kiwanda cha Herstal. Nani angemsikiliza? Na kama askari kijana aliyemkuta angekataa kumsikiliza, je, tungeweza kumlaumu askari huyo peke yake, hali daftari la kumthibitishia maneno ya yule bwana halikuwapo?

Tena nchi yetu yaijua bei ya risasi ya mtu mmoja. Mwana wa mfalme Louis Rwagasore alipigwa risasi tarehe 13 Oktoba 1961, miezi michache kabla ya uhuru aliokuwa ameupigania. Waziri Mkuu Pierre Ngendandumwe alipigwa risasi tarehe 15 Januari 1965, akiwa na siku chache tu tangu arudi madarakani. Kila mara hapakuhitajika jeshi. Alihitajika mtu mmoja, silaha moja, na uzembe wa wale ambao wangepaswa kuijua silaha hiyo iko wapi.

SHERIA INASEMAJE

Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Burundi ikiwa mojawapo, zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Itifaki hiyo yakataza kabisa raia kumiliki silaha nyepesi za vita, bunduki zinazojifyatua zenyewe au kwa nusu, na bunduki za rashasha. Bastola haikutajwa katika katazo hilo la jumla, na hapo ndipo mkusanyaji hudhani amepata mwanya.

Lakini mwanya huo una mlango wake. Itifaki hiyo hiyo yataka silaha zote zinazomilikiwa na raia ziandikishwe, mmiliki apimwe kama anafaa, idadi iwekewe mpaka, na utunzaji uwe wa usalama. Kuhusu silaha za serikali zilizozidi au zilizochakaa, yazitaka nchi ziwe na mpango wa kuzikusanya, kuzihifadhi, kuziharibu au kuziondoa kwa njia yenye uwajibikaji. Haikusema kwamba ofisa anayestaafu ajichukulie moja ya ukumbusho. Nasi nchini mwetu tuna Sheria namba 1/14 ya tarehe 28 Agosti 2009 kuhusu silaha ndogo na nyepesi. Ilitiwa sahihi miaka tisa kamili baada ya Mapatano ya Arusha ya tarehe 28 Agosti 2000. Mwezi wa Oktoba wa mwaka huo huo wa 2009 raia waliitwa warudishe silaha kwa hiari na kupewa vifaa vya kuwafaa maishani, nao wakaleta silaha nyingi, hasa mabomu ya mkono.

Hivyo basi, bastola ya jeshi iliyomo nyumbani bila kibali haina jina zuri lolote. Iwe ilinunuliwa, iwe ilirithiwa, iwe ilizawadiwa na mkubwa wa kikosi katika siku za vita, mbele ya sheria ni silaha isiyo na mwenyewe halali. Na ikiwa namba yake yaonyesha kwamba ilikuwa ya jeshi au ya polisi, basi ina mwenyewe: ni mali ya taifa iliyopotea njiani.

LA KUFANYA

Tukisema hivyo hatujamaliza kazi. Kukataza ni rahisi. Lililo gumu ni kumwonyesha mtu mwenye kumbukumbu mahali pa kuipeleka kumbukumbu yake.

La kwanza lamhusu askari anayekaribia kustaafu. Siku ya kukabidhi vifaa, akabidhi chote alichoandikiwa, namba kwa namba, naye adai stakabadhi yake. Heshima ya utumishi wake haimo katika chuma atakachokificha. Imo katika karatasi ile inayoshuhudia kwamba alikopeshwa silaha na taifa kwa miaka mingi, akairudisha salama. Karatasi hiyo yaweza kutundikwa ukutani bila kuogopa hodi ya usiku.

La pili lamhusu polisi wa mtaa. Ipo siku mjane atakuja kituoni na kusema kwamba, alipokuwa akipanga vitu vya marehemu, amekuta bastola. Mama huyo ametumia ushujaa mwingi kuvuka kizingiti hicho. Akipokelewa kwa kelele na vitisho, mtaa mzima utajua kabla ya jua kuchwa, na bastola kumi nyingine zitatupwa mtoni au kuuzwa gizani. Akipokelewa kwa adabu, akaketishwa, namba ikasomwa mbele yake, akapewa stakabadhi yenye sahihi mbili, basi mtaa nao utajua. Ustahivu huo wakusanya silaha nyingi kuliko msako.

La tatu lamhusu mtunza ghala. Asikubali kuwa peke yake. Silaha ikiingia, waione watu wawili. Ikitoka, waione watu wawili. Ikiharibiwa, waione watatu, na mmoja wao awe ametoka nje ya kikosi. Asilione sharti hilo kuwa ni kumtilia shaka, maana lamlinda. Kama Afrika ya Kusini ingalimwekea Prinsloo mashahidi tangu siku ya kwanza, huenda yeye mwenyewe angekuwa mstaafu mwenye heshima leo, na watoto wale wangekuwa shuleni.

La nne ni la historia, na hapa tunamwunga mkono mkusanyaji. Ni kweli kwamba chuma hicho kina habari ya kusimulia. Usumbura ilianza kama kituo cha kijeshi cha Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yakauteka mji. Kila utawala ulikuja na silaha zake na kuacha alama zake. Itakuwa hasara ikiwa kila bastola itatupwa tanuruni bila mtu kutazama kwanza mihuri yake. Tunayo Makumbusho ya Taifa ya Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, na Makumbusho Hai ya Bujumbura, yaliyoanzishwa mwaka 1977. Kwa nini bastola chache zenye historia ya kweli zisiuawe kwa kanuni madhubuti, zikawekwa ndani ya kioo, pamoja na maelezo ya nani alizileta, zilimlinda nani na zilimdhuru nani? Mstaafu wa Nyakabiga angeweza kumpeleka mjukuu wake huko siku ya Jumapili, akamwonyesha kwa kidole na kusema, “Ya namna hii ndiyo niliyoibeba.” Mtoto angeuliza, na babu angejibu, na hapo kumbukumbu ingekuwa imefanya kazi yake.

Hatusemi kwamba haitafika siku ambayo Mrundi mwenye kibali atakuwa mkusanyaji halali wa silaha za kale. Huenda siku hiyo ikaja. Lakini haitaletwa na fedha za mnunuzi wala na ufasaha wake wa kusoma mihuri. Italetwa na mtunza ghala anayehesabu bila kuchoka, na polisi anayeandika namba bila kuruka hata tarakimu moja, na raia anayeamini kwamba kilichoandikwa ndicho kilichopo. Mkusanyaji wa kweli hutanguliwa na mwandishi wa kweli.

Mpaka hapo, ndugu askari, mtu akikuita kando akakunong'oneza kwamba anayo bastola nzuri ya zamani, kwamba haina madhara na kwamba ni pambo tu, mwulize swali moja: imeandikwa wapi? Akishindwa kujibu, mwelekeze kituoni kwa heshima, usiku wa hofu haujamfikia mlangoni.